Mtoto afunzwe sauti kwanza, majina ya herufi baadaye

Kuna ada moja iliyoota mizizi katika nyumba zetu za mjini, na siku hizi hata za mashambani. Mgeni akishaketi na kupewa chai, mtoto wa miaka mitatu huitwa kutoka chumbani, husimamishwa katikati ya sebule na kutakiwa aonyeshe elimu yake. Naye, kwa kijisauti chake chembamba, huanza: ei, bii, sii, dii, hadi mwisho. Mgeni hupiga makofi, mama hutabasamu, baba hukohoa kwa fahari. Wote huwa wameridhika kwamba mtoto ameanza kujua kusoma.

Nayajua haya vyema kwa sababu nilikuwa mmoja wa akina baba hao. Kitindamimba wetu alizijua herufi zote 26 kwa majina yake ya Kiingereza kabla hajatimiza miaka mitatu. Hakuna aliyeketi naye kumfunza. Alizipata katika nyimbo za simu ya mama yake, dada zake wakamsahihisha, nami nikampongeza. Alipotimu miaka mitano, mwalimu wake wa chekechea alituandikia barua fupi: mtoto ni mchangamfu, ila ni mzito wa kusoma. Jioni hiyo nilimpakata, nikaandika neno "meza" kwenye karatasi, nikamwuliza linasema nini. Akaigusa kila herufi kwa kidole: "Em, ii, zedi, ei." Vyema, nikamwambia, sasa ziunganishe. Akafikiri kwa muda mrefu, kisha akasema kwa woga, "Emizedei?"

Sikucheka. Mtoto alikuwa ameifanya hesabu yake barabara. Alikichukua kile alichofunzwa, akakiunganisha kama alivyoambiwa, akapata jibu lililo sahihi kwa mujibu wa mafunzo hayo. Aliyekosea ni mimi. Nami, msomaji, ndimi ninayelipwa mshahara ili niwaambie wanafunzi wa chuo kikuu, katika mhadhara wa kwanza kabisa wa isimu, kwamba herufi ni kitu kimoja na sauti ni kitu kingine. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kinyozi hajinyoi.

Nimeona heri niitoe aibu hii hadharani kwa kuwa naamini si ya nyumba yangu peke yake. Neno "mzito" likishaandikwa katika ripoti ya mtoto halifutiki upesi. Mwalimu wa mwaka ufuatao hulisoma, wazazi huliamini, na mwishowe mtoto mwenyewe hulikubali. Ikiwa yako mafunzo yanayowatia watoto wazima wa akili katika kundi la wazito, ni wajibu wetu kuyachunguza.

Hebu tuanze na msingi wenyewe. Kila herufi ina mambo matatu: umbo lake, jina lake na sauti yake. Umbo ni ile alama tunayoiona. Jina ni lile tunaloliita tunapoitaja. Sauti ni kazi ambayo herufi huifanya ndani ya neno. Mfano mwepesi ni huu: paka jina lake ni paka, lakini akilia hasemi "paka", husema "nyau". Mtu aweza kuyajua majina ya wanyama wote wa nyumbani asijue hata mmoja hulia vipi. Sasa, kusoma hakuhitaji majina ya herufi. Kusoma ni kuisikia milio yake ikifuatana. Asomaye neno "meza" hasemi em, ii, zedi, ei. Hutamka m, e, z, a, nazo zikigusana huwa meza.

Tofauti hii ingekuwa ndogo kama majina tunayowapa watoto yangefanana na sauti watakazokutana nazo. Kwa bahati mbaya, majina ya Kiingereza yanapoletwa kwa mtoto atakayesoma Kiswahili hayawi msaada bali ni mtego. Tazama irabu tano, ambazo ndizo roho ya kila neno la Kiswahili. Kwa Kiingereza a huitwa "ei", e huitwa "ii", i huitwa "ai", o huitwa "ou", na u huitwa "yuu". Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo jina lake ni sauti yake katika Kiswahili. Baya zaidi ni kwamba jina la e ndilo sauti yetu ya i. Mtoto aliyeshika kwamba e ni "ii" atasoma "kete" kuwa "kiti", na "sema" kuwa "sima". Mwalimu humwamuru aseme, naye akadhani anaahidiwa chakula. Akiandikishwa imla, neno "pita" huliandika "peta", kisha hupigiwa mstari mwekundu asijue amekosa nini.

Konsonanti nazo zina visa vyake. Jina la h kwa Kiingereza, "eichi", halina sauti ya h popote ndani yake. Jina la w, "dabalyuu", halina w hata kidogo. Jina la y ni "wai", nalo huanza kwa sauti ya w! Watafiti wa Marekani, miongoni mwao Rebecca Treiman na wenzake, wamekwisha kuonyesha kwamba watoto wanaozaliwa ndani ya Kiingereza chenyewe hukwama papo hapo: wengi hudhani kwamba y ndiyo herufi ya sauti ya w, kwa kulifuata jina lake. Ikiwa mwenye lugha hujikwaa, mgeni atafanyaje?

Sikusudii kusema kwamba majina ya herufi hayana faida. Watafiti hao hao wameonyesha kwamba mtoto wa Kiingereza anayelijua jina la b, ambalo huanza kwa sauti yake, huishika sauti hiyo kwa wepesi kuliko ile ya herufi ambayo jina lake haliibebi. Kwa Kiingereza, ambacho herufi moja yaweza kuwa na sauti nne au tano, jina ni kama kigingi cha kuifungia ile herufi isipotee. Isitoshe, kuna siku kila mtu atahitaji majina hayo: kumtajia karani jinsi jina lake linavyoandikwa, kuisoma nambari ya gari, kutafuta neno katika kamusi. Mjadala basi si kama majina yafunzwe au yasifunzwe. Mjadala ni lipi litangulie, na kwa lugha ipi.

Kuhusu la kutangulia, yafaa tuwatazame Waingereza wenyewe, kwa kuwa wazazi wengi huniambia kwamba wanafuata njia yao. Wimbo wa alfabeti tunaowaimbisha watoto ulichapishwa mjini Boston, Marekani, mwaka 1835, na mtoto ye yote aliyeuimba anakumbuka jinsi herufi tano za katikati zinavyomezwa pamoja hata zikawa kama neno moja, "elemenopi". Lakini katika shule za Uingereza wimbo huo si mlango wa kusoma tena. Mwaka 2006 ripoti iliyoongozwa na Jim Rose ilipendekeza kwamba watoto waanze kwa kufunzwa sauti na namna ya kuziunganisha, na serikali ikaikubali. Tangu mwaka 2012 watoto wa huko wenye umri wa karibu miaka sita hupewa mtihani mfupi wa kusoma maneno 40, na nusu ya maneno hayo ni ya kubuni, hayamo katika kamusi yo yote. Shabaha yake ni kutambua kama mtoto anasoma kwa sauti au amekariri tu. Naam, wenye lugha wameuhama mtindo huo wa kale, nasi tumebaki tukiulinda kama urithi wa babu zetu.

Kuhusu lugha, Kiswahili kimetujalia neema ambayo hatuithamini. Mwaka 2003 watafiti Seymour, Aro na Erskine walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kuhusu watoto wanaojifunza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa darasa la kwanza, watoto wa Finland, Ugiriki, Ujerumani, Italia na Hispania waliweza kusoma sawasawa zaidi ya maneno tisa kwa kila kumi waliyoonyeshwa. Watoto wa Scotland waliosoma Kiingereza waliweza takriban thuluthi moja tu. Ni kweli watoto wa Scotland walikuwa wadogo kwa umri, lakini watafiti waliona kwamba umri pekee hautoshi kuieleza tofauti hiyo. Sababu kubwa ni maandishi yenyewe. Lugha za kundi la kwanza huandikwa jinsi zinavyotamkwa kwa kiasi kikubwa. Kiingereza hakifanyi hivyo.

Kiswahili kimo katika kundi la akina Finland. Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti moja. Jina la a ni a, jina la e ni e, na kadhalika hadi u. Mabishano ya jina na sauti, ambayo yamewachosha wataalamu wa Ulaya na Marekani kwa miongo mingi, kwetu hufa yenyewe pindi tunapozitaja irabu kwa Kiswahili. Konsonanti pia hazigeuki geuki. M ya "mama" ndiyo m ya "kima". Mtoto akizishika irabu tano na konsonanti chache, pamoja na jozi kama ch, sh, ny na ng', hupata ufunguo wa kulisoma neno lo lote la Kiswahili, hata lile asilolijua maana. Maana ni kazi nyingine, lakini haiwezi kuanza kabla mlango haujafunguka.

Ipo hoja moja ya kitaalamu ambayo mzazi hana budi kuifahamu. Sauti kama m, s, n, l na f zaweza kutamkwa peke yake na kuvutwa: mmm, sss. Lakini b, d, g, k, p na t haziwezi. Ukijaribu, utajikuta umeongeza irabu nyuma yake. Ndiyo maana walimu wetu wa zamani hawakuhangaika na b peke yake. Waliandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu, na darasa zima likaitikia. Hata katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto aliyeanza na alifu na be hakuachwa na majina hayo matupu. Mara mwalimu alimwonyesha alama za irabu, na ile be ikawa ba, bi, bu. Wazee hao hawakuwa na shahada za isimu, lakini waliujua ukweli ambao wataalamu huufundisha leo: katika lugha zetu nyingi za Kibantu, silabi ndiyo tonge linaloingia kinywani kwa urahisi.

Ushahidi mwingine umo katika michezo ya watoto. Katika pwani yetu watoto hucheza kinyume, yaani huichukua silabi ya mwisho na kuiweka mwanzo: "kitabu" ikawa "bukita", "nyumba" ikawa "mbanyu". Mtoto anayefanya hivyo amekwisha kulipasua neno vipande na kulijenga upya kwa masikio yake tu, bila kalamu wala karatasi. Huo ndio msingi wa kusoma. Ni msingi ambao hauuzwi dukani wala haumo katika simu.

Ikiwa njia ni nyepesi kiasi hiki, mbona twaipita? Jibu liko katika historia yetu. Mwaka 1964 Tume ya Ominde ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ikapendekeza kwamba lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya mwanzo. Sera imesimama upande wa Gachathi hata katika mtaala wa umilisi uliosambazwa kote nchini kuanzia mwaka 2019. Nyoyo za wazazi, hata hivyo, zimebaki upande wa Ominde. Kwao "ei, bii, sii" si somo bali ni cheti. Ni ishara kwamba mtoto ameelekezwa kwa Kiingereza, na Kiingereza ndicho kazi, ndicho gari, ndicho nyumba ya mawe. Nazo baadhi ya chekechea za kulipia, zikijua kiu hiyo, huuza kile kinachonunuliwa. Mzazi anataka kumsikia mtoto akiimba Ijumaa jioni. Basi mtoto hufunzwa kuimba.

Haki yafaa itendwe pia kwa waliojaribu kurekebisha mambo. Mpango wa Tusome, ulioanza katika shule za msingi kote nchini mwaka 2015 kwa ufadhili wa Marekani, uliwapa watoto wa madarasa ya chini vitabu vya Kiswahili na Kiingereza vilivyojengwa juu ya sauti za herufi. Mtoto alipopimwa, aliulizwa herufi hii ina sauti gani, hakuulizwa inaitwaje. Walimu wengi waliopitia mafunzo hayo wanalijua hili kuliko mimi. Lakini mwalimu wa Gredi ya Kwanza humpokea mtoto aliyekwisha kukaa miaka mitatu na majina ya Kiingereza kichwani, akalazimika kung'oa kabla ya kupanda.

Kuna mzazi atakayeniambia, "Daktari, mwanangu atasoma na kufanya mitihani kwa Kiingereza. Kiswahili chako kitamchelewesha." Namheshimu mzazi huyo, maana karo anayoilipa si yangu. Lakini mtoto hugundua mara moja tu katika maisha yake kwamba alama zilizo katika karatasi ni sauti za kinywa chake. Akishaligundua hilo katika lugha anayoielewa, yenye maandishi yaliyonyooka, haimlazimu aligundue upya. Huenda nalo hadi katika Kiingereza na kujifunza huko vipindo vyake. Anayelazimishwa kuligundua kwanza katika Kiingereza, lugha isiyo ya nyumbani mwake na yenye maandishi yaliyopinda, amepewa milima miwili apande kwa wakati mmoja.

Wala sisemi kwamba Kiswahili ndicho pekee. Mtoto ambaye nyumbani kwao wanasema Gikuyu atakutana na irabu saba, pamoja na zile zinazoandikwa ĩ na ũ. Mtoto wa Kijaluo ana sauti za irabu nyingi kuliko herufi za kuziandikia. Herufi c ya Gikuyu si c ya Kiingereza, na Kiswahili hakiitumii c bila h. Kwa hiyo mtu anapomwambia mtoto "herufi hii husema hivi", ajiulize kwanza: kwa lugha gani? Sauti si mali ya herufi. Ni mali ya lugha. Lugha ifaayo kuanzia ni ile ambayo mtoto huitumia anapoota ndoto, iwe ya mama, iwe Kiswahili cha mtaani.

Nini basi cha kufanya? Kwanza, tusiwe na pupa. Mtoto wa miaka miwili hahitaji herufi hata moja. Ahitaji hadithi, nyimbo, vitendawili na mtu mzima wa kuzungumza naye. Akifika miaka mitatu au minne, tucheze na sauti kwa masikio: mama, maji, moto, mimi, yote yanaanza kwa mmm, tutafute lingine. Ndipo tumwonyeshe irabu tano, tukiziita a, e, i, o, u kwa Kiswahili, tuzichore mchangani au kwenye unga uliomwagika jikoni. Kisha tuongeze konsonanti zinazovutika, m na s na n na l, tuziunganishe na irabu mara moja ili asome "mama", "sasa", "nina", "lala". Halafu zije b na d na wenzake, katika silabi. Majina ya herufi, ya Kiswahili na ya Kiingereza, yatakuja baadaye bila taabu, kama vile mtu anavyojifunza majina ya majirani baada ya kuhamia mtaani.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake amekwisha kukariri "ei, bii, sii", asifadhaike wala asimkemee. Amwambie tu kwamba yale ni majina, na sasa watajifunza milio. Watoto huielewa tofauti hiyo kwa wepesi. Mfano wa paka hutosha. Kwa walimu wa chekechea, ombi langu ni moja: kabla ya kuandika neno "mzito" katika ripoti, mwulizeni mtoto herufi e husema nini. Akijibu "ii", tatizo haliko kichwani mwake.

Kitindamimba wetu alianza upya, kwa irabu tano na uvumilivu wa mama yake kuliko wangu. Ilichukua miezi. Asubuhi moja tukiwa ndani ya matatu aliyakodolea macho maandishi yaliyobandikwa juu ya kiti cha dereva, midomo ikimchezacheza, kisha akatamka kwa sauti iliyosikika hadi nyuma, "Li-pa na-u-li." Akanigeukia kwa ukali: "Baba, lipa!" Abiria wakacheka. Mimi nilitoa pesa upesi, nikaangalia nje ya dirisha ili asiyaone macho yangu.

Wazazi wenzangu, mgeni ajaye akiingia nyumbani mwenu, msimsimamishe mtoto katikati ya sebule aimbe. Mwandikieni neno moja fupi la lugha anayoisema, mkae kimya, mmsubiri. Udongo uwahi ungali maji.